Uzi: Nyanda za Juu za Ngorongoro, usiishie kwenye shimo, fuata majivu

MwanaKaratu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimeongoza wageni Ngorongoro kwa miaka mingi. Kila nikiwafikisha ukingoni wanatoa simu, wanapiga picha lile shimo, kisha wanauliza vifaru wako upande gani. Siwalaumu, wametoka mbali kuona wanyama. Ila huwa naumia, maana mgeni anaondoka akidhani ameona volkano moja, kumbe alikuwa amesimama katikati ya ukoo mzima wa milima ya moto. Ukoo huo ndio uliotuhifadhia nyayo za Laetoli, ukatupa umri wa mifupa ya kale ya Korongo la Olduvai, ukawalisha nyumbu wa Serengeti. Na vyote hivyo havikutoka shimoni. Vimetokana na majivu.

Nitaandika vipande vipande, mnivumilie.

Tuanze na ramani. Ukitoka Karatu kuingia lango la Loduare unapanda kwenye nyanda za juu zilizojengwa na volkano tupu. Kusini kuna Oldeani, ule mlima unaolisha mashamba ya kahawa ya huku kwetu. Magharibi kuna Lemagrut, na karibu yake Sadiman, ambao hauonekani wa ajabu lakini nitaurudia. Katikati ni Ngorongoro yenyewe. Kaskazini kuna Olmoti, anakotoka mto Munge, halafu Loolmalasin wenye mita 3,682, ambao ni Kilimanjaro na Meru tu wanaouzidi kwa urefu nchini, na bado Watanzania wengi hawajawahi kulisikia jina lake. Endelea kaskazini mashariki utafika Empakaai yenye ziwa ndani, kisha Kerimasi, na mwisho kabisa, chini kuelekea Ziwa Natron, Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Huo peke yake ndio unaowaka hadi leo.

Kwa nini milima yote hii imerundikana hapa? Bonde la Ufa linashuka kutoka Kenya likiwa mfereji mmoja unaoeleweka. Likifika kaskazini mwa Tanzania linakutana na mwamba wa kale mno, ule uliolala chini ya Serengeti, Mwanza na Shinyanga, wenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba ule ni mnene, mgumu na wa baridi, haupasuki kirahisi. Basi ufa ukatawanyika kama maji yaliyokuta jabali: tawi moja likaenda Eyasi, jingine Manyara, jingine upande wa Pangani. Pale ufa unapotawanyika ardhi imejaa nyufa, na mwamba ulioyeyuka ukapata njia nyingi za kupanda. Nyanda zetu ziko hapo hapo.

Na moto haukuwaka kote kwa wakati mmoja. Sadiman ni wa zamani, unakaribia miaka milioni 4. Lemagrut na Ngorongoro ziliwaka miaka milioni 2 na ushee iliyopita. Olmoti ukafuata mara moja. Oldeani ni wa kama milioni 1.5. Empakaai na Kerimasi wakaja baadaye, na Lengai ni mtoto wa juzi, hajafikisha miaka laki nne. Tukiacha Oldeani, ambao uliwaka kusini wakati wenzake wameshahamia kaskazini, kwa ujumla moto umesogea kuelekea kaskazini mashariki.

MwanaKaratu

Sasa lile shimo, nilimalize upesi ili tuyafikie majivu.

Ngorongoro ulikuwa mlima mkubwa. Chini yake kulikuwa na chumba cha mwamba ulioyeyuka. Ulipolipuka kwa mara kubwa ya mwisho, miaka milioni 2 hivi iliyopita, chumba kilijimwaga nje kwa kasi kikabaki hakina cha kushikilia paa. Mlima ukadidimia ndani yake wenyewe. Aliyewahi kupika uji akausahau jikoni anajua ule utando unaoganda juu: toa uji wa chini, utando unazama katikati huku kingo zikibaki zimeshika sufuria. Kilichobaki ni duara la kilomita 19 hivi kwa upana, kuta za mita 600, na sakafu ya kilomita za mraba 260. Duniani hakuna kaldera nyingine, yaani shimo la volkano iliyozama, kubwa kiasi hicho ambayo kuta zake zimebaki nzima na haijajaa maji. Vilima kama Engitati mnavyoviona pale chini ni moto mdogo uliotokea sakafuni baada ya mlima kuzama.

Kijana_wa_Mbozi

Mkuu shukrani sana kwa uzi. Naomba kuuliza, shuleni sisi tulikariri kwamba kreta ni shimo lililochimbwa na kimondo. Na huku kwetu tuna kimondo cha Mbozi cha tani kama 16, ila hakina shimo la maana. Ngorongoro mnathibitishaje kwamba si kimondo?

MwanaKaratu

Swali zuri ndugu yangu, naulizwa kila wiki. Neno kreta limetuchanganya. Linatumika kwa shimo la kimondo, kwa mdomo wa volkano, na kwa mazoea tu tukaliita hivyo na Ngorongoro, wakati jina lake sahihi ni kaldera.

Ushahidi upo kwenye kuta. Ukishuka kwa barabara ya Seneto au ukipanda kwa ile ya Lerai, angalia mwamba uliokatwa pembeni. Utaona lava juu ya lava na majivu yaliyoganda juu ya majivu, yamepangwa tabaka kwa tabaka kama chapati. Huo ni mlima uliojijenga kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kimondo kingeponda mwamba uliokuwapo, kisingeweza kujenga mlima kwanza. Tena majivu ya moto yaliyotoka humu yalikimbia mbali kuelekea magharibi, na leo yamelala chini kabisa kwenye Korongo la Olduvai, chini ya tabaka zote zenye mifupa. Yamepimwa umri, ni miaka milioni 2 na kidogo.

Mama_Jiografia

Nafundisha sekondari. Wanafunzi wangu wanapenda kusikia kwamba Ngorongoro ulikuwa mrefu kuliko Kilimanjaro. Hilo nalo unalisemaje, mwalimu mwenzangu wa porini?

MwanaKaratu

Shikamoo mama. Makadirio yanayosemwa sana ni mita 4,500 hadi 5,800, na Kibo ni 5,895. Kwa hiyo hata kwa kadirio la juu haujampita Kilimanjaro. Mimi nawaambia wageni ulikuwa mlima mkubwa, naishia hapo. Watu huchukua miteremko ya leo na kuichora ikipanda mpaka ikutane kileleni, lakini mlima wenye kitako kipana si lazima uwe na ncha. Ungeweza kuwa bapa juu tangu mwanzo. Sifa ya Ngorongoro haihitaji kushindana na Kilimanjaro.

MwanaKaratu

Tuendelee. Laetoli.

Hapa nitakaa kidogo, maana kila nikiifikiria siku ile mwili unasisimka.

Ni miaka milioni 3.66 iliyopita. Ngorongoro haukuwa umezama. Korongo la Olduvai halikuwapo. Volkano moja ilikuwa ikitema majivu membamba, si mlipuko wa kuua, ni kama mtu anayepuliza unga. Yalianguka Laetoli yakalala kama zulia. Ikanyesha mvua nyepesi, na tunajua ilikuwa nyepesi kwa sababu alama za matone zenyewe zimebaki kwenye mwamba. Jivu likawa laini kama saruji mbichi. Wakapita tembo wa kale, twiga, swala, kanga, sungura. Na wakapita viumbe wanaotembea kwa miguu miwili, kisigino kinatangulia, kidole gumba kimenyooka mbele kama changu na chako. Jua likakausha. Mlima ukapuliza tena, nyayo zikafunikwa.

Ule mwamba wa nyayo una unene wa sentimita 15 hivi tu. Ni wiki chache za maisha ya volkano! Mvua ingekuwa kubwa, zingefutika. Mlima ungenyamaza kwa miezi kadhaa, zingepukutika. Kila kitu kilitokea kwa wakati wake.

Timu ya Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, ilianza kuona nyayo za wanyama mwaka 1976, na mwaka 1978 wakafichua ule mstari mrefu wa wale viumbe wa miguu miwili. Mwaka 2015 wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Profesa Fidelis Masao na Dkt. Elgidius Ichumbaki, walichimba mashimo ya majaribio mahali palipokusudiwa kujengwa makumbusho, mita 150 hivi kutoka pale pa zamani. Wakakuta nyayo nyingine, za watu wawili, mmoja wao akikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165. Nawataja kwa majina kwa sababu wageni wangu wanamjua Leakey tu, na nataka vijana wetu wawajue na hawa.

Jivu lilitoka wapi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa Sadiman, kilomita 20 hivi mashariki. Baadaye wapo wanajiolojia waliochunguza miamba ya Sadiman wakasema madini yake hayafanani vya kutosha na jivu la Laetoli, huenda chanzo ni mlima mwingine uliokwisha kufunikwa. Mabishano hayo yanaendelea na mimi nayapenda, ni kama kutafuta baba wa mtoto kwa kuangalia sura.

Fundi_Mwamba

Mkuu hapo kwenye umri ndipo huwa nakwama. Milioni 3.66, milioni 2, wanahesabuje? Mfupa wenyewe wanaupima?

MwanaKaratu

Hapana, mfupa hawaupimi, wanapima jivu. Ndiyo maana nasema fuata majivu.

Mwamba wa volkano una potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa mwendo usiobadilika. Mwamba ukiwa umeyeyuka gesi inatoroka. Ukiganda, gesi inayozaliwa inanaswa ndani ya chembe za madini. Kwa hiyo mlipuko ni kama kurudisha saa kwenye sifuri. Ukipima agoni iliyokusanyika, unajua saa imetembea kwa muda gani. Mfupa uliolala katikati ya majivu mawili unapata umri wake kutoka kwa majirani zake.

Njia hiyo ilijipatia jina Olduvai. Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, tarehe 17 Julai 1959, na mumewe Louis alikadiria umri wa miaka laki sita. Mwaka 1961 wanasayansi Jack Evernden na Garniss Curtis wakatoa majibu ya potasiamu na agoni: miaka milioni 1.75. Umri wa mwanadamu ukaruka karibu mara tatu kwa siku moja. Majivu yaliyofanya kazi hiyo yalitoka kwenye nyanda hizi hizi, na tabaka la chini lenye mifupa pale Olduvai limetokana zaidi na majivu ya Olmoti. Ule Olmoti ambao wageni wanaupita tu kwenda Empakaai!

Ole_wa_Natron

Naomba niongeze kwa upande wetu. Wengi mnaandika Olduvai lakini kwa Kimaasai ni oldupai, ule mkonge wa porini unaoota korongoni. Lerai ni migunga ile yenye gome la njano. Na Oldoinyo Lengai wazee wanapanda kuomba, mvua na watoto.

Mwaka 2007 nilikuwa nyumbani. Julai ardhi ilitikisika siku nyingi mfululizo, usiku tunalala nje. Septemba mlima ukaanza kutoa moshi mzito, si ile lava nyeusi tuliyozoea. Majivu yalishuka malishoni, ng'ombe wakila nyasi wanatafuna mchanga, macho ya watoto yanawasha. Tukahamisha mifugo. Mvua zilizofuata nyasi zilirudi vizuri sana, hilo nalo niliseme.

MwanaKaratu

Ole, asante sana, umenisogezea mada penyewe. Nakumbuka ile Julai, tetemeko kubwa la tarehe 17 lilikuwa la kipimo cha 5.9 karibu na mlima Gelai, na Nairobi walilisikia. Waliochunguza baadaye walieleza kwamba mwamba ulioyeyuka ulijipenyeza kwenye ufa chini kwa chini, haukufika juu. Wiki chache mbele Lengai ikalipuka, na milipuko ikaendelea hadi 2008. Kabla ya hapo mdomo wake ulikuwa umejaa lava hadi kumwagikia ubavuni. Baada ya hapo ukabaki shimo refu.

Lengai haina mwenzake duniani kati ya volkano zilizo hai. Lava yake haina silika ya kawaida, ile iliyo kwenye mchanga na kioo, ni kaboneti ya sodiamu na kalsiamu. Ina nyuzi 500 na kitu tu, kwa hiyo mchana haionekani nyekundu, ni nyeusi na inatiririka kama oili chafu ya gari. Ikiganda na kupata unyevu wa hewa inageuka nyeupe, ndani ya siku chache ukiwa mbali utadhani ni theluji. Mwanajiolojia J. B. Dawson ndiye aliyewaambia wanasayansi kuhusu lava hiyo baada ya kupanda mwaka 1960.

Na kina mama mnaopika maharage mtanielewa haraka: hii ni jamaa ya magadi. Ile chumvi mnayotia ili maharage yaive upesi ni sodiamu kaboneti. Miamba ya nyanda hizi ina sodiamu nyingi, maji yanaiosha kuipeleka mabondeni, jua linakausha, ndiyo mnapata Ziwa Natron, na lile ziwa dogo la Magadi ndani ya kaldera ambako heroe wanachovya midomo.

Jambo jingine ninalolipenda kulisema kwa sauti: madini makuu mawili ya lava ya Lengai, moja linaitwa gregoriaiti, kwa heshima ya John Walter Gregory aliyechunguza Bonde la Ufa. La pili linaitwa nyerereiti. Ndiyo, ni Mwalimu Nyerere.

Mutoto_wa_Goma

Jambo bandugu. Miye niko Goma. Nyiragongo ya kwetu iliteremusha lava 2002 ikapita katikati ya muji mupaka ziwa Kivu, na tena 22 Mei 2021 tukakimbia na matandiko kichwani. Ile ni moto mwekundu kabisa. Sasa hii ya kwenu ya nyuzi 500 inaweza kukimbia kama ya kwetu?

MwanaKaratu

Ndugu wa Goma, poleni sana kwa yote mliyopitia. Hizi ni tofauti. Lava ya Nyiragongo inapita nyuzi 1,000, ina silika kidogo ndiyo maana ni nyepesi na inakimbia, na mji uko chini yake. Ya Lengai ni nyepesi zaidi hata ya hiyo, lakini inatoka kidogo kidogo na inapoa upesi, kwa kawaida haiachi mlima. Hatari ya Lengai ni siku inapobadili tabia na kulipuka majivu, kama alivyosimulia Ole. Mnacho kitu kimoja huko ambacho watu wa huku wangefaa kujifunza kutoka kwenu: mazuku. Ile hewa ya kaboni inayotulia mabondeni usiku ikaua mifugo na watu bila harufu. Nchi zenye volkano za aina hii zinahitaji neno hilo.

Mama_Jiografia

Na nyumbu uliowataja mwanzo? Umeniacha njiani.

MwanaKaratu

Samahani mama, nilikuwa nawatunza.

Upepo huku kwa sehemu kubwa ya mwaka unavuma kutoka mashariki. Kerimasi, halafu Lengai, zilipokuwa zikitema majivu, upepo uliyabeba juu ya nyanda ukayashusha Serengeti kusini. Majivu yale yana kalsiamu na fosforasi nyingi. Mvua inayeyusha chokaa, inaishusha kidogo, inaganda chini ya udongo kuwa sakafu ngumu. Mizizi ya miti haipenyi. Nyasi fupi zinapenya. Basi umepata uwanda usio na miti, wenye nyasi zenye madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji, na adui anaonekana kutoka mbali. Ndiyo maana kila Januari na Februari nyumbu wanarudi Ndutu kuzaa. Wageni huniuliza nani amekata miti ya Serengeti kusini. Nawaonyesha Lengai.

Hata leo majivu yanatembea. Karibu na Olduvai kuna kilima cheusi cha mchanga chenye umbo la mwezi mchanga, ni jivu la Lengai. Chembe zake zina chuma cha sumaku, zinashikana, na upepo unakisukuma chote kwa pamoja kama mita 17 kwa mwaka. Vigingi vimewekwa kuonyesha kilikuwa wapi miaka iliyopita.

Kijana_wa_Mbozi

La mwisho mkuu. Ngorongoro yenyewe inaweza kuwaka tena? Na mtu mwenye nauli ya mara moja tu aende wapi?

MwanaKaratu

Kaldera ya Ngorongoro imezimika, wala watu wa Karatu hatulali tukiiwaza. Ufa wenyewe bado unapanuka, milimita chache kwa mwaka, na moto umeshahamia Natron. Wa kufuatilia ni Lengai.

Kwa nauli ya mara moja, nenda Empakaai. Utapitia ukingo wa Ngorongoro njiani, kwa hiyo shimo utaliona tu. Fika asubuhi kabla ya ukungu, maana kule juu ni baridi na ukungu ukishuka huoni hata mwenzako. Vaa koti. Kuingia kwa miguu unakwenda na askari wa mamlaka kwa sababu ya nyati. Kabla hujashuka kwenye ziwa, geuka kaskazini mashariki: Kerimasi iko mbele yako, nyuma yake Lengai na kilele chake cheupe, chini kabisa Natron inang'aa. Siku ikiwa safi utaona na Kilimanjaro upande wa mashariki. Ukiwa hapo shika udongo wa njiani uusage mkononi. Ule unga wa kijivu unaobaki kwenye vidole ndio niliokuwa nauzungumzia tangu mwanzo.